Chemchemi Niliyoizungushia Mikaratusi

Ninyi vijana mtakaoyasoma haya, kaeni vizuri kwanza. Sipendi mtu anayesoma huku amelala chali na simu imewekwa kifuani. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, nikatolewa nikachunge ndama, na kuandika kwangu ni kwa taabu, mkono unauma, kwa hiyo sitaandika jambo la kuwapotezea muda. Nitawaeleza jinsi chemchemi ya kijiji chetu ilivyokaribia kufa, na kwamba niliyekuwa naiua ni mimi, huku watu wananipigia makofi. Nitawaeleza pia habari za mwalimu mmoja wa kike, mdogo kuliko mwanangu wa mwisho, aliyenifungua macho. Nimeona mambo mengi katika maisha yangu. Nikimkumbuka yule, bado nastaajabu.

Kijiji chetu kiko juu ya Rhotia, ukipandisha kuelekea msitu wa Ngorongoro. Chemchemi inatoka chini ya mwamba, na watu wa zamani walichomeka bomba moja kwenye saruji ili maji yadondoke mahali pamoja. Nilipoolewa hapa, ulikuwa unafika, unatega debe chini ya bomba, unavua kitenge cha juu kiunoni unakizungusha kuwa ngata ya kuwekea debe kichwani, na kabla ngata haijakaa sawa debe limeshafurika na mwenzako anakusukuma bega. "Toa debe lako, dada. Umekuja kulala?" Hivyo ndivyo maji yalivyokuwa. Yaliyobaki yalishuka na kijito mpaka kwenye mashamba ya kahawa huko chini, na hakuna aliyeyafikiria tena.

Halafu ukaja mwaka wa miche. Lori lilishusha miche ya mikaratusi pale kwenye ofisi ya kijiji, bure, na tukaambiwa miti huleta maji. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Niliamini, na kwa nini nisiamini? Redio ilisema hivyo, padri alisema hivyo. Ila hakuna aliyeniambia niipande pale. Hilo lilikuwa langu mwenyewe. Niliwaambia wenzangu: kama mti unaleta maji, tusiupeleke mbali, tuupande mdomoni mwa maji kabisa. Na mkaratusi tuliupenda kwa sababu unakua haraka na mbuzi hali majani yake. Hayo yalikuwa mawazo yetu yote. Tulikuwa wanawake wa mbuzi, tuliangalia mambo kwa upande wa mbuzi.

Tukapanda. Kila mama alipewa mstari wake, ukianzia karibu na bomba na kwenda nje. Mama ambaye mche wake ulikauka nilimweka mwisho wa foleni ya maji kwa wiki nzima. Sikumwonea mtu aibu. Miti ikapanda kuliko nyumba, ikawa inavuma upepo ukipita, na wageni wakawa wanaletwa kuitazama. Mbele ya mkutano nilipewa jembe jipya na kitenge. Watu wakapaita msitu wa Bibi.

Maji yalipungua polepole, kama mtu anavyozeeka. Humwoni akizeeka siku moja. Wengine walisema ni mvua. Wengine walisema ni watu wa juu wanaochimba mifereji. Mimi nilisema ni uchafu, nikawaamrisha akina mama wasafishe bomba. Tulilisafisha mara nyingi sana lile bomba.

Mwalimu alikuja wakati huo. Alitoka Singida, na kwa kuwa shule haina nyumba za kutosha, alipanga chumba kwangu, kile cha upande wa zizi. Alikuwa mwembamba, mtulivu, anasalimia vizuri. Kila siku akitoka shule, jua bado liko juu, alikaa kwenye kigoda barazani, akafungua daftari na kuandika. Mimi nilikuwa napembua maharage pale pale. Siku ya nne nikamuuliza.

"Mwalimu, huyo unayemwandikia kila siku hajibu?"

Akacheka. "Siandiki barua, bibi. Naandika nilichofundisha leo, na mahali nilipokosea."

"Umekosea nini?"

Akasoma. "Leo nimemkatisha mtoto kabla hajamaliza swali lake, kwa sababu niliona jibu lake ni refu na kengele iko karibu. Leo nimewauliza wavulana mara nyingi kuliko wasichana. Sijui kwa nini."

"Na mwalimu mkuu ndiye amekuagiza uandike hayo?"

"Hapana."

"Sasa nani atakuadhibu?"

"Hakuna, bibi."

Niliacha kupembua. Mwalimu wangu mimi alikuwa na fimbo ya mti wa porini, na kosa lilikuwa letu siku zote. Hata alipoandika hesabu vibaya ubaoni, tulichapwa sisi kwa kuinakili vibaya. Sasa nikamtazama msichana huyu anayejichapa mwenyewe kwa kalamu. Nilimwona kama mtu anayejitafutia matatizo, na nikamwambia mkwe wangu hivyo. Mkwe wangu, ambaye anapenda utani, akawa kila ugali ukishika chini ya sufuria anasema, "Mwalimu, naomba daftari na mimi niandike." Na mwalimu anampa kweli.

Siku moja mwalimu hakula. Nikamwuliza kama anaumwa. Akasema hapana, kuna mtoto wa darasa la sita amemuuliza swali na amemjibu vibaya. Alikuwa anafundisha kwamba miti huleta maji. Msichana mmoja akanyoosha mkono. Huyo ni mtoto wa vibarua wa shamba la kahawa, wazazi wake wametoka Dodoma, wanaishi kambini kule chini. Akasema, "Mwalimu, hapa miti imeongezeka na maji yamepungua. Kwetu kambini kijito hakifiki tangu nikiwa darasa la pili. Kwa nini?"

"Ukamjibuje?" nikauliza.

"Nikamwambia aandike kilichoko kwenye kitabu."

"Ni sawa. Kitabu kimeandikwa na waliosoma."

"Bibi, yule mtoto anabeba maji kutoka kwenye bomba lenu mpaka kambini kila asubuhi kabla ya shule. Anajua kitu ambacho mimi sikijui. Na mimi nimemnyamazisha."

Nikainuka nikaenda zizini. Msitu uliokuwa unaulizwa ulikuwa wangu, na nilitaka mazungumzo yaishe.

Kesho yake alisimama mbele ya darasa akasema, "Jana niliulizwa swali zuri nikalikwepa. Nilikosea. Sijui jibu. Tutalitafuta pamoja." Nilizisikia habari hizo kabla hajarudi nyumbani. Jirani yangu mmoja, mzee fundi wa kujenga nyumba anayetumia sana nguzo za mikaratusi, alikuja mpaka mlangoni kunipasha.

"Mpangaji wako amewaambia watoto kwamba hajui," akasema. "Mwalimu asiyejua ni wa nini? Mimi nikimwambia mwenye nyumba sijui kupiga paa, nitalala na njaa."

"Ni kweli," nikasema.

"Na sasa anawapeleka chemchemini na ndoo. Wanahesabu maji. Wanahesabu na miti yako, mama. Watakuja kusema miti yako ndiyo yenye kosa. Na aliyeanzisha ni mtoto wa vibarua, wa kuja juzi tu. Anatufundisha maji yetu."

Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule. Nikavaa viatu vya kanisani nikaenda shuleni kulikomesha jambo hilo. Sitaficha: nilikwenda nimekasirika, na maneno niliyoyapanga njiani yalikuwa ya kumtoa mwalimu yule kijijini.

Nilimkuta darasani. Watoto wakasimama, wakaniamkia. Kabla sijafungua mdomo, mwalimu akasema, "Bibi, umekuja wakati tunakuhitaji. Tumepima ndoo inavyojaa sasa. Lakini hatujui zamani ilijaa kwa muda gani. Hakuna aliyeandika. Wewe ulikuwepo."

"Sikuwa na saa," nikamwambia.

Yule msichana wa kambini akanyoosha mkono. "Bibi, ulikuwa unafanya nini wakati debe linajaa?"

Hilo ndilo swali aliloniuliza, na mimi kwa haraka, bila kufikiri, nikajibu, "Nilikuwa nazungusha ngata."

Mwalimu akatoa simu yake. "Unaweza kuizungusha sasa?"

Nilijiona mjinga, mtu mzima na kitenge mbele ya watoto. Lakini mkono una kumbukumbu yake. Nilivua kitenge nikakizungusha, mara mbili, mara tatu, nikachomeka ncha ndani, nikaweka kichwani. Mtoto mmoja akasoma muda kwenye simu, mwingine akauandika ubaoni. Wakaniomba nirudie, kwa sababu mwalimu alisema kipimo kimoja hakitoshi. Nikarudia. Nikarudia tena. Namba zilikaribiana sana mpaka watoto wakaguna.

Kisha tukatelemka chemchemini wote. Wakatega ndoo ya debe moja. Nikaanza kuzungusha ngata. Nikamaliza, nikatazama, maji yako chini kabisa. Nikaifumua nikaanza upya. Nikamaliza. Nikaifumua. Hakuna mtoto aliyecheka. Maji yalikuwa yanadondoka kidogo kidogo, na mikaratusi inavuma juu yetu. Nilizungusha ngata mara tisa ndipo ndoo ikajaa.

Mimi niliyekwenda kila siku pale sikuwa nimejua. Kila siku nilikuwa nasubiri kidogo zaidi ya jana, na kidogo kile sikukihisi. Mikono yangu ndiyo iliyoniambia, mbele ya watoto, na mikono yangu haijawahi kunidanganya. Kile nilichokwenda kumwambia mwalimu sikukisema.

Lakini sikukubali upesi hivyo, mnielewe. Tulipokuwa tunapanda kurudi nilimwambia, "Mvua zimepungua. Miti haina kosa."

Nilitegemea abishane. Akasema, "Inawezekana, bibi. Huenda nina haraka ya kuamini hivi kwa sababu sasa nalipenda swali hili. Tunahitaji mahali penye mvua hii hii na miti mingine."

Mahali hapo kila mtu alipajua. Mwalimu mkuu akaandika barua ya ruhusa, na siku ya Ijumaa moja tukapanda basi la kukodi kwenda msitu wa Ngorongoro, darasa la sita, mwalimu, na mimi kama mzazi wa kuangalia wasichana. Askari wa hifadhi mwenye bunduki alitupokea langoni. Akaniambia, "Bibi, ukimwona nyati usimkaripie."

"Kama amekosa nitamkaripia," nikamwambia.

Alituongoza njia fupi tu, pembeni. Nataka mjue nilichokikuta mle, maana wengi wenu mmeupita msitu ule ndani ya gari mkitazama simu. Ardhi ilikuwa laini. Mguu ulizama. Chini ya mikaratusi yangu unasikia majani makavu yanavunjika, hakuna hata jani bichi linaloota chini yake. Humu kila kitu kilikuwa juu ya kitu kingine, majani juu ya mizizi, kuvu juu ya majani, na miti ilikuwa imevaa ndevu ndefu za kijani zinazotona. Niliweka kiganja changu kwenye ukingo wa njia nikakandamiza, kama unavyokandamiza sifongo. Maji yakatoka kati ya vidole. Hakukuwa na mto hapo wala bomba. Ni ukingo tu wa udongo, na maji yanatoka. Nikatoa mkono nikautazama. Nikaurudisha. Nilifanya hivyo mara kadhaa, na sikujali nani ananiona.

"Mvua ni ile ile, bibi," mwalimu akasema taratibu. "Ile inayonyesha kwenu."

Yule msichana alikuwa anahesabu miti anayoifahamu. Akamwuliza askari, "Mikaratusi iko wapi?"

"Humu haipo," askari akasema. "Ile ina kiu. Ukiiweka karibu na maji inakunywa mpaka yaishe. Ofisa misitu wa wilaya atakueleza vizuri kuliko mimi."

Baadaye basi likatupandisha mpaka ukingoni, pale watalii wanaposimama. Mimi nimezaliwa chini ya mlima huu. Magari ya watalii nimeyaona tangu barabara ikiwa ya vumbi, na nilijua wanakwenda kutazama shimo. Nilifikiri ni shimo. Nilishuka kutoka kwenye basi nikasogea kwenye ukuta mdogo, na dunia ikawa haipo mbele ya miguu yangu. Ilikuwa chini, mbali sana, nyingine nzima, ina uwanda wake na ziwa lake linalong'aa kama bati, na mawingu yalikuwa yanatambaa ukingoni kwa upande ule yakishukia ndani kama maziwa yanayomwagika polepole. Vidoa vyeusi nilivyodhani ni mawe, mtoto akaniambia ni nyati. Nikavua kitambaa changu cha kichwa. Sijui kwa nini, mikono ilikivua yenyewe, kama mtu aliyeingia mahali ambapo hakuitwa. Umri wote huu nilikuwa naishi kwenye kiuno cha jambo hili nikidhani nalijua, na sikuwa nimejua hata maji yangu yanatoka wapi. Mtoto mmoja akanivuta. "Bibi, unalia?" Nikamwambia ni upepo. Ulikuwa ni upepo kidogo tu.

Tulirudi. Ofisa misitu akaja, akatazama, akasema alichosema askari. Lakini akaongeza jambo: kukata mti wowote kwenye chanzo cha maji ni kosa la kisheria, hata mti mbaya, mpaka kijiji kikae mkutano mkuu kiamue na kibali kitoke wilayani. Kwa hiyo chemchemi ilikuwa mikononi mwa mkutano. Mkutano ukikataa, mikaratusi inabaki, na kwa hesabu za watoto haingechukua muda mrefu bomba likauke.

Siku zile kabla ya mkutano mwalimu hakuniomba kitu. Hakusema hata mara moja, "Bibi, utasimama?" Aliendelea kuandika barazani, nami naendelea na maharage. Nilitamani aniombe ili nimkatalie.

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Walijaa. Mwenyekiti wa kijiji akawaruhusu wanafunzi wasome karatasi yao. Aliyesimama ni yule msichana wa kambini. Alisoma vizuri, sauti inatetemeka mwanzo kisha ikakaa. Alieleza ndoo, alieleza ngata, alieleza msitu wa juu. Alisema, "Hatusemi tunajua yote. Huenda mvua nayo imechangia. Lakini tunaomba mikaratusi iondolewe, ipandwe mikuyu na mizambarau." Mimi nilikuwa kwenye benchi la mbele, na nilistaajabia maneno hayo matatu, *huenda mvua nayo*. Sijasikia mtu mzima akiyasema kwenye mkutano, kuupa upande wa pili silaha kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu ndiyo kweli.

Jirani yangu fundi alisimama. "Mwenyekiti, siku hizi watoto wanapiga kura?"

Watu wakacheka.

"Hawapigi," mwenyekiti akasema. "Wanaeleza."

"Basi mimi nieleze. Miti ile imejenga nusu ya mapaa mnayoyaona. Mtoto wa vibarua, ambaye kesho mkataba wa baba yake ukiisha anahama, anatuambia tukate. Tukate, yeye aende, sisi tubaki na visiki?"

Makofi. Mwingine akapaza sauti kutoka nyuma, "Huyo mwalimu naye apimwe kwa ndoo, tuone ana akili kiasi gani." Kicheko kikubwa zaidi. Mwalimu alikuwa ameinamisha kichwa. Msichana alikuwa bado amesimama na karatasi yake, hakuna aliyemwambia akae.

Fundi akaendelea. "Na miti ile ina mwenyewe. Tulipewa na mtu tunayemheshimu. Kabla ya kuikata, tuulizane nani alituambia tuipande. Asimame atuambie kama alitudanganya."

Alifanya hivyo kunilinda, nadhani. Alijua mtu wa umri wangu hatasimama kusema hivyo. Mimi mwenyewe nilikuwa sijui kama nitasimama. Nilikumbuka nilivyowaweka wale wanawake mwisho wa foleni kwa ajili ya mche uliokauka. Wengine walikuwa pale, wazee kama mimi, nikiwaona. Kama nitasema nilikosea, basi na adhabu zile nazo zilikuwa kosa.

Magoti yangu yakanyanyuka kabla ya moyo. Nikasema, "Ni mimi. Hakuna aliyeniagiza kuipanda pale. Nilifikiri hivyo peke yangu, nikawalazimisha. Sikuwadanganya, lakini nilikosea, na niliendelea kukosea miaka yote hii kwa sababu mlikuwa mnanisifu. Mtoto huyu amesema kweli. Wale niliowaadhibu kwa mche kukauka, miche yenu ilikuwa na akili kuliko mimi. Nawaomba msamaha. Mstari wangu ni ule wa kwanza kushoto kwa bomba. Ukatwe."

Nikakaa. Hakuna aliyepiga makofi. Nilisikia kuku wa nyumba ya mwalimu mkuu wakichakura. Nilidhani sasa watanizomea, na nilikuwa tayari.

Ndipo upande wa akina mama, mama mmoja mzee akasimama kwa fimbo yake. Huyo ni mmoja wa niliowaweka mwisho wa foleni. Hakunitazama. Alisema, "Wangu ni wa tatu. Ukatwe." Akakaa.

Mwingine akasimama. "Wa saba, ule ulioegemea mwamba. Ukatwe."

Mwingine hakuweza kusimama, akanyoosha mkono alipokaa. "Wa mama yangu, marehemu. Wa kumi. Ukatwe."

Wakaendelea hivyo. Hawakutoa hotuba, mmoja mmoja walitaja mstari na neno lile moja. Mwenyekiti alijaribu kuandika, kisha akaweka kalamu chini akawa anasikiliza tu. Wanawake wale nilipanda nao, nikawafokea, nikagombana nao foleni miaka mingi, na nilidhani nawafahamu. Sikujua walikuwa wanakumbuka kila mstari. Sikujua kwamba walikuwa wanangoja tu mtu aliyewaamrisha kupanda awe wa kwanza kuachia. Mwisho hata fundi alisema, "Basi kama wenyewe wamesema," akanyoosha mkono pamoja na wengine wakati wa kura.

Kibali kilitoka, tukakata. Watoto walipanda mikuyu na mizambarau kwa nafasi ambazo ofisa misitu alizionyesha, mbali na bomba kuliko nilivyofikiria mimi. Msinitake niwaambie maji yamerudi siku iliyofuata. Sitawadanganya kwa ajili ya kupendeza. Darasa la sita wanaendelea kupima na kuandika, na sasa ndoo inajaa kwa ngata sita, wakati mwingine saba. Kambini kijito bado hakijafika. Yule msichana bado anabeba maji, ila sasa akina mama wanamtanguliza kwenye foleni bila kuambiwa na mimi.

Jioni ya siku ya mkutano, jua likiwa bado halijazama, nilimkuta mwalimu barazani anaandika kama kawaida. Nilidhani leo hana kosa la kuandika. Nikamwuliza. Akasoma: "Leo nilimwacha mtoto asimame peke yake wakati wakimcheka. Nilipaswa kusimama pembeni yake." Nikamtazama sana. Kijiji kizima kilikuwa kinamsifu kwa mara ya kwanza, na yeye alikuwa ameona hilo moja. Nilirudi jikoni.

Mkaratusi, ukiukata, haufi. Kisiki kinachipua pembeni, machipukizi mengi, laini, yananukia vizuri, na ukiyaacha mvua moja tu yanafika kifuani. Wiki ya juzi nilikwenda chemchemini nikakuta visiki vya mstari wangu vimeota mpaka gotini. Nyumba yangu inachota maji pale mara mbili kwa siku, na wote walikuwa wanavipita. Nilirudi nikawauliza. Mkwe wangu akasema, "Mama, tulidhani kamati ya kijiji ndiyo itapita." Wajukuu wakatazama chini.

Nikawaita wote waje barazani, wakubwa kwa wadogo, na mwalimu naye nikamwita kwa kuwa anakula kwangu. Nikawaambia hivi: kuanzia leo, mtu wa nyumba hii akifika chemchemini, hategi ndoo kwanza. Anakwenda kwenye mstari wa kwanza kushoto, anabanyua kila chipukizi kwa mkono mpaka kisiki kiwe uchi, ndipo anachota. Akikuta la mstari wa jirani, alibanyue na hilo. Atakayerudi na maji bila kubanyua, ayamwage mlangoni na arudi. Nikiwa hai au nikiwa sipo, ni hivyo hivyo.